Kuipanga ruta ya nyumbani ndani ya kuta za Lamu

Khalati wangu, dada yake mama, anaishi Mkomani, katika nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu yake. Alinipigia simu akaniambia amelipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, mara ya pili sasa, na bado mjukuu wake akipanda juu kusoma, video ya somo inakwama. Nilipofika niliikuta ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, imewekwa ndani ya kidaka, kishubaka cha ukutani, katikati ya bakuli za kale, imependeza kweli. Nikaketi karibu nayo nikapima kwa simu: megabiti 18 kwa sekunde. Nikapanda ghorofani, nikapima tena: megabiti 2. Kifurushi hakikuwa na kosa. Pesa yake ilikuwa ikiishia ukutani.

Nimeshaitwa kwenye nyumba nyingi hapa, Mkomani, Langoni na hata Shela, na kisa huwa ni hicho hicho. Watu wananunua kasi mpya ilhali ile waliyo nayo haijawafikia. Kwa hiyo nawaandikia wenye ruta za kawaida, zile zinazotolewa na kampuni za intaneti au kununuliwa dukani, wazipange wenyewe kabla hawajatoa shilingi nyingine. Kazi yote yamalizika kwa alasiri moja.

Ujue ukuta wako kwanza

Nyumba za mji mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake aghalabu unakaribia nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana ukitembea kutoka ndani kwenda kiwandani, yaani ule ua wa wazi wa katikati ya nyumba, kila baada ya hatua chache unakutana na ukuta mwingine. Mawimbi ya waifai nayo yanasafiri njia hiyo hiyo, na kila ukuta unayapunguzia nguvu, zaidi ukiwa umenyonya unyevu. Birika, lile tangi la maji la ndani ya nyumba, ni kizuizi kingine, maana maji huyameza mawimbi. Paa la makuti halina taabu. Mabati na kioo kikubwa cha ukutani huyarudisha yalikotoka.

Kidaka ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka ruta: jiwe nyuma, jiwe kulia na kushoto, jiwe juu na chini. Itoe humo. Iweke mahali panapotazamana na kiwanda, kwa kimo cha kichwa cha mtu mzima au zaidi, kwa sababu ule uwazi wa katikati ya nyumba ndiyo njia pekee ambayo mawimbi hayalipi ushuru. Kwa khalati tuliihamishia kwenye msana, ule ukumbi unaoelekea kiwandani. Juu kule kasi ikafika megabiti 7 kabla sijagusa mpangilio hata mmoja.

Chukua karatasi sasa. Pima kasi sehemu nne au tano za nyumba, mchana mara moja na usiku baada ya isha mara moja, uandike. Bila namba hizo hutajua kama hatua zinazofuata zimesaidia au umejifariji tu.

Kuingia ndani ya ruta

Ukiweza, tumia kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa kebo, kwa sababu siku ukibadilisha jina la waifai, kifaa kilichounganika bila waya kitakatika katikati ya kazi. Simu pia yatosha, lakini zima data ya laini kwanza. Fungua kivinjari, kisha andika anwani ya ruta kwenye mstari wa juu kabisa. Anwani hiyo imechapwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta za laini ya simu mara nyingi ni 192.168.8.1, na baadhi ya visanduku vya faiba hutumia 192.168.100.1. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua kwenye simu maelezo ya waifai uliyounganika nayo. Namba iliyoandikwa Gateway au Router ndiyo hiyo.

Utaulizwa jina na nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya waifai, ingawa wengi huzichanganya. Nayo iko kwenye kibandiko.

Kabla hujagusa chochote, tafuta ukurasa ulioandikwa Backup, kwa kawaida ndani ya System au Administration, uhifadhi nakala ya mipangilio ilivyo. Halafu piga picha ya kila ukurasa kwa simu, hasa ukurasa wa WAN, ule wa muunganisho unaotoka nje. Kama kuna jina la mteja na nywila ya PPPoE, yaani vile ambavyo kampuni ya intaneti hukutambua kwavyo, ziandike kando. Nasisitiza hili kwa sababu nimemwona mwenye nyumba ya wageni aliyebonyeza kitufe cha Reset kwa sekunde kumi akidhani anaizima na kuiwasha ruta. Kila kitu kilifutika, naye akakaa siku tatu bila mtandao na nyumba imejaa wageni. Kuizima ruta ni kuchomoa waya wa umeme. Kile kitundu kidogo cha Reset usikiguse mpaka uwe umeshindwa kabisa.

Kufunga milango

Badilisha nywila ya msimamizi kwanza. Ile ruta iliyotoka nayo ilikotengenezwa mara nyingi hulingana kwa ruta nyingi za aina moja, na mgeni yeyote uliyempa waifai anaweza kuijaribu.

Kwenye ukurasa wa usalama wa waifai utakuta aina kadhaa za kufuli. Chagua WPA3, iliyo mpya, kama vifaa vyako vyote ni vipya, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama bado una simu au printa ya zamani. Ikiwa ruta haina WPA3, chagua WPA2 yenye AES. WEP na TKIP, kufuli za kale na dhaifu, zisikae nyumbani mwako. Nywila yaweza kuwa na herufi 8 mpaka 63, na urefu ndio nguvu yake kuliko alama za ajabu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, unayoweza kumtajia mgeni kwa mdomo, yatosha. Jina la mtoto, jina la jahazi la familia na methali tunayoijua sote havifai. Mtaa mzima utavikisia.

Zima WPS, yaani ule utaratibu wa kuunganika kwa namba ya tarakimu nane au kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 2011 ilibainika kuwa namba ile hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mtu mwenye programu hahitaji zaidi ya majaribio kama elfu 11 kuipata. Haijalishi nywila yako ni ndefu kiasi gani, mlango huo uko wazi pembeni. Zima pia uendeshaji wa ruta kutoka mbali, na UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kufungua njia za nje bila kukuuliza. Kama kijana wako anacheza michezo ya mtandaoni na ikamkatalia, iwashe UPnP tena ukijua umeiwasha kwa sababu gani.

Kuficha jina la waifai na kuchuja vifaa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kila kifaa, siwashauri. Jina lililofichwa linaonekana na programu za bure. Na simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, hubuni anwani ya MAC mpya kwa kila mtandao, kwa hiyo utakuwa unawafungia nje watu wa nyumbani na kujiongezea kazi.

Halafu uangalie kama programu ya ndani ya ruta ina toleo jipya. Lisasishe, lakini wakati ambao stima imetulia au ruta iko kwenye betri. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta yaweza kufa moja kwa moja.

Chaneli, penye faida kubwa

Ruta nyingi za sasa zinarusha kwa masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo lakini yanavumilia ukuta kidogo. Ya gigahezi 5 yana kasi nzuri, ila ukuta mmoja wa matumbawe wayatosha. Baadhi ya ruta huyaunganisha yote mawili chini ya jina moja na kuiachia simu ichague. Katika nyumba ya mbao au ya vyumba vikubwa hilo ni sawa. Katika nyumba ya mawe nimeona simu ikiyang'ang'ania masafa ya 5 hata yakiwa yamebaki pumzi, mpaka video ikatike. Mimi huyatenganisha: jina la kwanza liwe la kawaida, la pili liongezewe tarakimu 5 mwishoni. Runinga na kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta ziende kwenye 5, vilivyo mbali viende kwenye 2.4.

Sasa majirani. Nyumba zetu zimeshikana, na nikisimama juu ya paa la khalati naona majina ya waifai zaidi ya ishirini. Masafa ya 2.4 yana chaneli 1 mpaka 13, na watu hudhani ni njia kumi na tatu. Si kweli. Chaneli moja imepishana na jirani yake kwa megahezi 5 tu, wakati waifai yenyewe yahitaji upana wa megahezi 20. Ni kama kupitisha punda wawili wenye shehena ya mchanga katika uchochoro mmoja. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu aliyeona 1 na 6 zimejaa akajificha kwenye 3 au 4. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikizana na kupeana zamu. Aliye katikati haelewani na wa 1 wala wa 6. Anachosikia ni kelele, naye ni kelele kwao. Ruta ya khalati ilikuwa kwenye 4.

Kwa hiyo pakua programu ya bure ya kuchunguza waifai kwenye simu ya Android, simama mahali unapoutumia mtandao, uangalie nani yuko wapi. Usihesabu majina tu, tazama nguvu zao pia. Namba zake huwa za kutoa: ‑40 ni mtu aliye kando yako, ‑85 ni mnong'ono wa mbali usioudhi. Jirani wawili wenye nguvu ni wabaya kuliko wanane walio hafifu. Chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye sauti ndogo zaidi, na upana uweke megahezi 20. Ruta itakushawishi uchukue 40 kwa ahadi ya kasi, lakini katika mtaa uliobanana utakuwa umewaziba majirani na wao wamekuziba wewe.

Usiitegemee sana ile ya ruta kujichagulia chaneli yenyewe. Ruta nyingi za bei nafuu hukagua mara moja tu zinapowaka, na baada ya stima kukatika mtaa mzima huwaka pamoja, kila moja ikichagua kabla wenzake hawajatulia.

Kwenye gigahezi 5 kuna nafasi zaidi. Weka nchi iwe Kenya, chagua chaneli 36, 40, 44 au 48, na upana wa megahezi 80. Ukiona mtandao hautulii rudi upana wa megahezi 40. Chaneli za 52 mpaka 144 zinashirikiana na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama papo hapo, nawe utaona mtandao umepotea bila sababu.

Kuhusu nguvu ya kurusha: iache ilivyo. Hata ruta ipige kelele ya namna gani, simu ina sauti yake ndogo, na mazungumzo yanataka pande mbili zisikizane.

Ruta ya pili juu

Kama nyumba ni ya ghorofa mbili au tatu, chaneli peke yake haitamaliza kazi. Watu hukimbilia vile virudishi vya kuchomeka kwenye soketi. Vya bei ya chini hupokea na kurusha kwa masafa yale yale, hivyo karibu nusu ya kasi hupotea, tena huwekwa pale ambapo mtandao umeshakuwa dhaifu, vikarudia udhaifu huo kwa sauti kubwa. Dawa ya nyumba ya mawe ni kebo, na ruta ya zamani uliyoitupa kabatini.

Iunganishe ruta hiyo ya zamani na kompyuta, peke yake, mbali na ile kuu. Ingia ndani yake na ubadilishe anwani yake. Kama kuu ni 192.168.1.1, hii iite 192.168.1.2. Itajiwasha upya, ingia tena kwa anwani mpya. Ipe jina la waifai, nywila na aina ya usalama vilevile kama ya kuu, ila chaneli tofauti: kuu ikiwa 1, hii iwe 11. Mwisho zima DHCP. Huyo ndiye mgawaji wa anwani kwa vifaa vyote, na nyumba yenye wagawaji wawili huwa na simu zinazopewa namba zinazogongana. Hifadhi, kisha pitisha kebo kutoka tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, la ruta kuu hadi tundu la LAN la hii ya pili. Tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, liache tupu.

Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e au Cat6 hufika mita 100, na hakuna nyumba hapa mjini inayohitaji hata nusu yake. Muulize mwenye duka kama ni shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba hukatika upesi na hazishiki vizuri. Ipitishe kwenye uwazi wa kiwanda, kandokando ya boriti, ipande nayo juu. Ikiwa kipande chochote kitakaa nje, nunua kebo ya nje yenye ganda jeusi, na kichwa chake ukifiche ndani, kwa sababu hewa ya chumvi hula vile vyuma vidogo vya dhahabu mpaka muunganisho uanze kukatika ovyo. Tafadhali usitoboe plasta ya nakshi wala zidaka. Ukuta wa nje pia usitobolewe kiholela: mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na watu wa makumbusho watakuelekeza pa kupitisha. Aghalabu kuna tundu la zamani la waya wa umeme linalotosha kebo ya pili.

Wageni na watoto

Ukipokea wageni, washa mtandao wa wageni, ambao ni jina la pili la waifai lenye nywila yake. Hakikisha umeuzuia usione vifaa vya ndani. Mgeni atapata intaneti bila kuifikia kompyuta yenye hesabu zako wala kamera za usalama. Nywila yake ibadilishe kila msimu. Ya familia ibaki ilivyo.

Kwa nyumba yenye watoto, nenda kwenye DHCP, sehemu ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, uandike 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare inayokataa kufungua tovuti za ngono na zile zenye virusi. Ukitaka kinga ya virusi peke yake tumia 9.9.9.9. Haimzuii mtoto mwenye bando lake mwenyewe kwenye simu, lakini runinga na tableti ya nyumbani zitalindwa.

Mmoja akipakia, wote wakwame

Hii inawaudhi wengi. Mtu mmoja anapandisha video ya arusi, na simu ya video ya mwingine inaganda. Foleni imejaa ndani ya kifaa cha kampuni ambacho huna mamlaka nacho. Washa QoS, mpangilio wa ruta wa kugawa zamu, na uiambie ruta kasi ya mstari wako, lakini uitajie pungufu: asilimia 85 mpaka 90 ya ulichopima wakati wa usiku wenye msongamano. Ukipima megabiti 10 za kushusha na 4 za kupandisha, andika 8.5 na 3.4. Foleni itahamia ndani ya ruta yako, nayo itaipanga kwa haki. Unapoteza kasi kidogo, unapata utulivu. Kwa intaneti ya laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, chukua kipimo cha chini kabisa ulichoandika kwenye karatasi.

Ukitaka kuangalia kamera za nyumbani ukiwa Mombasa, mafundi wengi watakuambia ufungue njia kwenye ruta. Kwanza tazama anwani ya WAN. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127, umewekwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine, na hata ukifungua njia mia hakuna atakayeingia. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera.

Betri, na karatasi

Ruta haili umeme mwingi, wati chache tu, kwa hiyo betri ndogo ya ruta yaweza kuibeba saa kadhaa stima ikipotea. Soma volti kwenye adapta kabla hujanunua: nyingi ni 12, nyingine 9 au 5, na ukiipa 12 ile ya 9 waweza kuiunguza. Kama una ruta mbili na kisanduku cha faiba, vyote vitatu vinahitaji betri, la sivyo ile ya juu itawaka bila kuwa na cha kurusha.

Ukimaliza, hifadhi nakala nyingine ya mipangilio, maana ile ya mwanzo sasa ni ya zamani. Kisha andika kwa kalamu: anwani za ruta zote mbili, nywila ya msimamizi, jina na nywila ya PPPoE, chaneli ulizochagua, tarehe, na vipimo vya kasi vya kabla na baada. Kila baada ya miezi kama mitatu rudia uchunguzi wa chaneli, kwa sababu majirani huhama na wapya huja.

Vipimo vya mwisho kwa khalati vilikuwa 18 karibu na ruta na 16 ghorofani, akarudi kwenye kifurushi chake cha zamani, ambacho kwa nyumba ile kinatosha. Karatasi yake tumeikunja tukaiweka ndani ya kile kidaka ilimokuwa ruta, chini ya bakuli.